Mama wa steshenari anataka Bluetooth

Wiki hii nimeombwa Bluetooth tena. Kuna mama ana steshenari hapa Ngarenaro, Arusha, kompyuta yake ni ya kizamani ina ramu ya megabaiti 512 tu, mwaka jana Windows ilipomgomea nikamwekea kamfumo kangu kadogo ka kuendeshea kompyuta, nimekaunda mwenyewe kwa Linux, na kazi zinaenda, anachapa, anaprinti, anafungua barua pepe za wateja. Sasa anataka muziki. "Fundi, si unaongeza tu kitu kimoja, kwani kitakula nini?"

Kinakula ramu, mama. Bluetooth haiji peke yake, inakuja na ukoo mzima. Kuna draiva kwenye keneli (kiini cha mfumo), kuna BlueZ ndo inaongea na kifaa, BlueZ nayo bila D-Bus, ile inayopitisha ujumbe kati ya programu, haiendi, halafu ili sauti ifike kwenye spika bila kuhangaika unaweka PipeWire, programu ya kusimamia sauti, halafu unatafuta kidirisha cha kubonyeza maana mama hawezi kukaa anaandika amri. Nilijaribu kwangu, kuwaka kukatoka sekunde 14 kukafika 31. Na mfumo wote unapakiwa kwenye ramu ukiwasha, diski hauandiki kitu, ndo maana umeme ukikata ghafla (na unakata aisee) yeye anawasha tena anaendelea, mfumo haujaharibika hata faili moja. Ila ndo hivyo, kila ninachoongeza kinaenda kubanana na kazi zake humo humo kwenye 512.

Wakubwa nao yaliwakuta. Profesa Andrew Tanenbaum alitoa MINIX, mfumo wa kompyuta wa kufundishia, mwaka 1987, watu wakamjia juu wanataka hiki wanataka kile, akagoma, anataka mwanafunzi aweze kuisoma yote akaielewa. 1991 Linus Torvalds, naye alikuwa mtumiaji wa MINIX, akaanza kuandika ya kwake, ndo ikawa Linux. Wengi wanamcheka mzee Tanenbaum kwa kugoma kule, mi simcheki, somo lake lilikuwa darasani siyo sokoni. Wanaonipa mawazo ni Damn Small Linux, Linux nyingine ndogo, wale walijiwekea mpaka mfumo wote usizidi megabaiti 50, waliporudi 2024 mpaka ukawa 700, saizi ya CD. Brauza za siku hizi hizo ndo nzito, hamna namna.

Mama nikamnunulia waya wa spika soko la Kilombero, nikachomeka, muziki ukalia. Akaniangalia kama nimemdhulumu hivi, akasema "haya".

Jana kapiga tena, anataka skana. Hiyo sikubisha, wateja wanaleta vyeti kila siku anawarudisha. Nimeiweka kama kifurushi cha pembeni, akibonyeza inapakiwa, akizima kompyuta inaondoka na ramu yake, asiyeihitaji wala hajui kama ipo. Nimemaliza saa sita usiku, imebaki kujua kwa nini inaskani kila kitu kichwa chini.