Mtoto kutokuwa na jeraha si uthibitisho kwamba hakudhulumiwa

Katika mitaa mingi ya Mwanza, kuanzia Igogo hadi mialo ya Ilemela, wapo wazazi wanaoamini kwamba mtoto aliyefanyiwa ukatili wa kingono lazima awe na jeraha, na kwamba daktari asipoliona basi hakuna kilichotokea.

Imani hiyo inaeleweka, lakini haiendani na yanayojulikana katika tiba. Watoto wengi waliodhulumiwa hukutwa wakiwa na hali ya kawaida wanapopimwa, kwa sababu vitendo vingine haviachi alama, na michubuko ya sehemu za siri huweza kupona ndani ya siku chache. Maumivu wakati wa kukojoa au kukaa, damu kwenye nguo ya ndani na usaha ni sababu za kumpeleka mtoto hospitali haraka; hata hivyo, huku kwetu Kanda ya Ziwa, damu kwenye mkojo inaweza pia kutokana na kichocho, hivyo dalili moja peke yake haitoshi kumtuhumu mtu.

Anayetaka kuhakikisha amwombe mtabibu aeleze tofauti kati ya kutoona jeraha na kutotokea kwa tendo. Asimkague mtoto mwenyewe nyumbani wala kumhoji tena na tena, jambo ambalo, kwa maoni yangu, huumiza kuliko tunavyodhani. Maneno ya mtoto yasikilizwe kwa utulivu hata vipimo visipoonyesha kitu, na safari ya hospitali isiahirishwe, kwani dawa za kuzuia maambukizi ya VVU huanzwa ndani ya saa 72 tangu tukio.