Pole si samahani

Wiki iliyopita, pale Marikiti, sokoni Mombasa, kijana mmoja wa mkokoteni wa viazi alimgonga mama mtu mzima kwenye kisigino. Kikapu kikamponyoka mama wa watu, ndimu zikatawanyika hadi chini ya meza ya muuza bizari. Kijana akasimamisha mkokoteni, akainama, akaziokota ndimu moja moja na kuzipangusa kwa fulana yake, kisha akasema kwa sauti ya adabu kabisa: "Pole, mama."

Mama akamtazama. "Pole ya nini, mwanangu? Kwani aliyenigonga ni nani?"

Kijana hakuelewa, nilimwona usoni. Tabia yake ilikuwa njema kuliko ya wengi waliopita wakikanyaga zile ndimu. Neno tu ndilo halikuwa lake, na nimelisikia likitumiwa hivyo mara nyingi mno sasa kuweza kunyamaza.

Maana zenyewe ni fupi. Pole huambiwa mtu aliyefikwa na jambo: maradhi, msiba, uchovu wa safari, kazi nzito. Samahani husemwa na aliyekosa. Niwie radhi ni samahani yenye uzito zaidi. Anayetoa pole yuko nje ya kosa, anayesema samahani yuko ndani yake.

Pole ni neno la Kibantu, halikuja na jahazi. Limo katika mpole, upole na polepole, na nduguye ni kupoa. Hata Mkikuyu akitaka uende polepole hukwambia kahora, damu ni moja. Basi ukimpa mtu pole unamtakia lililomfika lipoe, limwendee taratibu. Ndipo wazee wakajibu, "Nishapoa." Na ndiyo sababu mtu akijikwaa kwenye mteremko wa feri pale Likoni, watu watano wasiomjua watasema pole kwa mpigo. Mgeni asiyejua Kiswahili hudhani wote watano wanakiri kosa. Hakuna anayekiri chochote, wanamwonea huruma tu.

Samahani ni kitu kingine kabisa. Ni Kiarabu, saamihnii, yaani "nisamehe". Ile -ni ya mwisho si ile ya karibuni na kwaherini, inayoongeza watu. Ni "mimi". Msemaji amejitia mwenyewe ndani ya neno, hawezi kulitamka bila kujitaja. Itafute "mimi" ndani ya pole, hutaiona.

Halafu kuna radhi, na hapa ndipo ninapotamani vijana wangekaa kidogo. Wazee wa Mombasa wana kunradhi, ambalo ni Kiarabu kitupu: kun ni "kuwa" ya kuamrisha, kwa hiyo "kuwa radhi". Wakalichukua, wakalifasiri nusu yake. "Kuwa" yetu ikanyooshwa ikawa kuwia, na kuwia ikazaa niwie. Niwie radhi: uwe radhi nami. Humwombi mtu afute kosa peke yake, unamwomba moyo wake utulie juu yako. Neno hili ni la ukoo mmoja na ridhaa, kuridhika na maridhiano. Ni radhi ile ile ya mzazi, ambayo mtoto wa Kiswahili huiogopa kuikosa kuliko anavyoogopa njaa. Radhi ni bora kuliko mali, husema wazee, na hawatanii.

Bibi yangu, mtaani Kibokoni, Mombasa, Ramadhani ikikaribia alikuwa akivaa buibui lake baada ya alasiri na kupita mlango kwa mlango. "Hodi. Nimekuja kukutaka radhi." Na alitaja jambo: "Lile sinia nililoliazima arusini nikalirudisha limebonyea, lile neno nililolisema kisimani." Akiambiwa yamekwisha, hunywa kahawa yake na kwenda mlango wa pili. Siku hizi ujumbe mmoja hutumwa kwa watu mia mbili kwa mguso wa kidole: kama nimekukosea, nisamehe. Ujumbe si kitu kibaya, mimi pia huupokea na hujibu. Linaloniuma ni ile "kama". Bibi hakuwa na "kama".

Mchanganyiko huu nadhani ulianzia darasani. Neno sori la Kiingereza hufanya kazi zote mbili, kuomba msamaha na kuhurumia. Mtoto amelizoea tangu chekechea, kisha anafika nyumbani anaambiwa, "Sema Kiswahili!" Anaifasiri sori yake kwa neno la kwanza linalomjia, nalo ni pole. Hakukusudia kuvunja heshima, alikusudia kuitimiza. Kwa hiyo siwaelewi wazee wenzangu wanaowafokea watoto hawa kana kwamba wametukana.

Wanaoniudhi hasa ni watu wazima. Fundi cherehani amekata kitambaa chako cha Idi vibaya, mkono mmoja mfupi, naye anakwambia, "Pole sana, dada." Umefika mlangoni umechoka na jua, unakuta umefungwa na karatasi imebandikwa: Poleni kwa usumbufu. Aliyekusumbua ndiye anayekuhurumia! Amejitoa kwenye kosa lake kwa neno moja, akasimama kando pamoja na wapita njia.

Mahamali wa zamani, wale wachukuzi wa mizigo, walikuwa na neno hata kabla ya ajali. "Simile! Simile!" walipiga kelele, nawe ukajibana ukutani. Asili yake ni bismillahi, iliyochakaa kwa kupigiwa kelele vichochoroni. Likishindikana hilo na mtu akagongwa, ilifuata niwie radhi. Pole ilikuja mwisho, na ilikuwa na haki ya kuja, maana kisigino cha mtu kinauma hata baada ya kuombwa msamaha.

Kwa hiyo, mwanangu wa mkokoteni, pole yako usiitupe. Itangulizie tu mwenziwe. Sema, "Niwie radhi, mama, sikukuona. Umeumia? Pole." Naye, nawajua mama zetu, atapokea kikapu chake na kukujibu yote mawili: "Niko radhi, mwanangu. Nishapoa."