Kabla hujalaumu mchoro, pima umeme

Wanaojenga kompyuta kwa chipu za mfululizo wa 7400, chipu ndogo ambazo kila moja hufanya kazi moja rahisi, huniuliza swali lile lile: mashine inajumlisha vizuri nikibonyeza kwa kidole saa yake, yaani mapigo yanayoisogeza hatua kwa hatua, mbona nikiiachia ijiendeshe inatoa majibu ya ajabu? Wengi huwa wameukagua mchoro wa saketi hadi macho yakauma. Mara nyingi shida iko kwenye umeme.

Mashine yenyewe haina prosesa ya kununua, unaiunda mwenyewe kwa chipu hizo. 74LS283 mbili zinajumlisha biti 8, 74LS86 zinageuza biti unapofanya hesabu ya kutoa, 74LS173 ni rejista inayoshikilia namba, 74LS161 inahesabu hatua za programu, na 555 inapiga mapigo ya saa. Kenbak-1, kompyuta ndogo ya mwaka 1971, nayo haikuwa na prosesa ya chipu moja. Naipenda kazi hii kwa dhati, kwa sababu kila biti unaweza kuigusa kwa ncha ya maltimita.

Chipu za LS, yaani zenye herufi hizo kwenye jina, zinataka volti 4.75 hadi 5.25. Usipime kwenye chaja. Pima juu ya miguu ya chipu yenyewe. Kwa 74LS00 ni mguu wa 14 na wa 7. Chaja inaweza kuonyesha 5 kamili huku chipu iliyo mwisho wa bredibodi ya nne (ubao wa matundu wa kuchomekea chipu) ikipata 4.5, maana nyaya nyembamba na vibati vya bredibodi za bei rahisi vinakula volti njiani. Toa waya mnene, mwekundu na mweusi, kutoka kwenye chanzo hadi kila bredibodi.

Hata hapo maltimita haioni yote. Chipu inapobadilika kutoka 0 kwenda 1 hufyonza mkondo ghafla, ndani ya sehemu za bilioni za sekunde. Waya hauwahi kuufikisha. Volti inayumba, chipu ya jirani inahisi pigo la saa ambalo halikupigwa, na rejista inameza namba isiyo yake. Ndiyo maana kila chipu inahitaji kapasita yake ya mikrofaradi 0.1, ile ndogo ya kauri iliyoandikwa 104, ikae karibu kabisa na miguu ya umeme. Kila chipu, bila kubagua.

Halafu kuna taa za LED. LED nyekundu iliyounganishwa bila rezista huishikilia laini kwenye volti 1.8 hivi. Taa inawaka, unafurahi, lakini chipu inayofuata inahitaji angalau volti 2 ndipo isome 1. Weka rezista ya ohmu 1000. Mwanga utafifia kidogo, hesabu itakuwa sahihi.

Ukienda Luthuli Avenue, Nairobi, kutafuta 74LS00, unaweza kupewa 74HC00, ya aina nyingine iitwayo HC, na kuambiwa ni kitu kimoja. Miguu imepangwa sawa, ila LS inaahidi kutoa volti 2.7 tu kwa 1, na HC kwenye umeme wa volti 5 inadai 3.5. Siku nyingine itafanya kazi, siku nyingine itagoma. Sisitiza aina ya HCT (74HCT00), ambayo inaridhika na volti 2.

Na usiache mguu wa kuingizia ukining'inia. LS mara nyingi huusoma kama 1. Kwenye HCT unaweza kubadilika ukisogeza mkono tu, kwa hiyo ufunge kwenye volti 5 au graundi kabla hujawasha.