Je, wajua kwa nini Tulia Ackson alipewa ubunge kabla ya kuwa Naibu Spika?

Novemba 2015, Dkt. Tulia Ackson, mzaliwa wa Rungwe mkoani Mbeya, alikuwa Naibu Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Hakuwa amegombea jimbo lolote katika uchaguzi wa Oktoba. Rais John Magufuli akamteua kuwa mbunge, na siku chache baadaye wabunge wakamchagua kuwa Naibu Spika. Kwa nini ilibidi apewe ubunge kwanza, ilhali Spika anaweza kutoka nje kabisa ya Bunge?

Jibu limo katika ibara mbili za Katiba zinazofuatana. Ibara ya 84 inasema Spika atachaguliwa miongoni mwa wabunge au watu wenye sifa za kuwa wabunge. Maana yake, raia mwenye umri wa miaka 21 au zaidi, anayejua kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza, na ambaye ni mwanachama wa chama cha siasa aliyependekezwa na chama chake, anaweza kuwania kiti hicho bila kuwa na jimbo. Akishinda, uspika wenyewe unamwingiza bungeni. Ibara ya 85 ni kali zaidi: Naibu Spika lazima atoke miongoni mwa wabunge. Basi mkubwa ana milango miwili, msaidizi wake ana mmoja.

Wapo wanaodhani cheo cha Tulia serikalini kilikuwa kimeshampa kiti. La hasha. Mwanasheria Mkuu ndiye anayeingia bungeni kwa wadhifa wake; naibu wake haingii. Njia iliyobaki ilikuwa ile ya Ibara ya 66, inayompa Rais nafasi za kuteua wabunge wasiozidi kumi. Nafasi hizo huzungumzwa sana kama zawadi za kisiasa, na malalamiko hayo nayaelewa. Lakini bila nafasi hizo, mtu ambaye ujuzi wake ni wa darasani na ofisini angelazimika kungoja miaka mitano.

Na ujuzi huo aliujenga polepole. Alisoma sheria Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akapata udaktari Chuo Kikuu cha Cape Town, Afrika Kusini, kisha akafundisha Dar es Salaam na kuwa miongoni mwa viongozi wa Shule Kuu ya Sheria. Mwaka 2014 alikuwa mjumbe wa Bunge Maalumu la Katiba. Kuongoza kikao cha Bunge ni kutafsiri kanuni papo hapo huku wabunge wakisimama kuomba mwongozo, na kwa kazi hiyo mwalimu wa sheria anaanza na mtaji mkubwa.

Nyanda za Juu Kusini, anakotoka Tulia, zilikuwa zimeshatoa maspika: Chifu Adam Sapi Mkwawa wa Iringa, kisha Anne Makinda wa Njombe, mwanamke wa kwanza kukalia kiti hicho.

Mwaka 2020 Tulia aligombea Mbeya Mjini, akamshinda Joseph Mbilinyi, maarufu kama Sugu. Kwa hiyo Job Ndugai alipojiuzulu uspika Januari 2022, Tulia alikuwa tayari na jimbo lake, ingawa kwa Spika hilo si sharti. Februari mosi wabunge walimchagua kuwa Spika akiwa mbunge wa kuchaguliwa.