Mzabibu ndiyo ramani: baiskeli kwenye vilima vya Langhe

Mgeni akifika kwangu asubuhi, swali lake la kwanza ni lile lile: leo tunakwenda kilometa ngapi? Mimi humwambia tuhesabu kwanza mita za kupanda. Huku Langhe, kusini mwa mkoa wa Piemonte nchini Italia, kilometa 50 zinaweza kubeba mita 1,000 za kupanda, na njia nzima usikutane hata na kilima kimoja kinachofika urefu wa mlima. Ni kupanda dakika kumi, kushuka dakika tatu, kupanda tena. Watu waliowahi kumaliza milima mirefu ya Alpi wamenyong'onyea mbele yangu saa nane mchana, wakiwa wamebakiza kilima kimoja tu.

Kazi yangu ni kuongoza wageni kwa baiskeli na kuzitengeneza baiskeli zenyewe. Nimezaliwa Dodoma, kwa hiyo zabibu nilizifahamu kabla sijafahamu baiskeli. Nyumbani mzabibu unavunwa mara mbili kwa mwaka. Huku unavunwa mara moja, halafu unalala kipupwe chote kama mti uliokufa. Nilipofika nilidhani nitakuwa mtu wa baiskeli tu na mambo ya mashamba nitawaachia wenyewe. Ilinichukua misimu miwili kuelewa kwamba mtu asiyejua kusoma shamba la mizabibu hawezi kuchagua barabara nzuri huku.

Anza na jinsi vilima vilivyokaa. Mji wa Alba uko chini, kando ya mto Tanaro, takriban mita 170 tu juu ya usawa wa bahari. Kutoka hapo migongo ya vilima inakwenda kusini, na juu ya kila mgongo kuna kijiji: La Morra kwenye mita 513, Castiglione Falletto, Monforte, Serralunga na ngome yake nyembamba ndefu. Zama zile za vita watu walijenga juu ili wamwone adui akija. Matokeo yake mwendesha baiskeli anayalipia leo: Castiglione Falletto na Serralunga zinatazamana, unaona hata nguo zilizoanikwa upande wa pili, lakini kufika huko lazima ushuke mpaka kijito cha Talloria halafu upande chote ulichoshuka.

Barabara ziko za aina tatu. Ya bondeni ni ya malori na watu wanaowahi kazini. Ile inayopita Gallo d'Alba siipeleki baiskeli kama nina namna nyingine. Ya mgongoni ina mandhari ambayo hutaisahau, na ukiwa La Morra siku isiyo na ukungu unaona Monviso na theluji yake, mita 3,841. Lakini magari ya watalii nayo yanaifuata mandhari hiyo hiyo. Ya tatu ni njia za wakulima: utepe wa lami wenye upana wa trekta moja, unaoteremka katikati ya mistari ya mizabibu. Hakuna anayeipita isipokuwa mwenye shamba. Humo ndimo ninamofanyia kazi.

Sasa, njia hizi ni nyingi mno, na simu yako itakuonyesha zote kwa mstari mwembamba uleule mweupe. Hapo ndipo mzabibu unapokuwa ramani. Nebbiolo, zabibu inayotengeneza mvinyo wa Barolo, inachelewa kuiva kuliko karibu zote huku. Mara nyingi inavunwa Oktoba. Kwa hiyo imepewa miteremko inayotazama kusini na kusini-magharibi, pale jua linapokaa muda mrefu. Wazee wa hapa wanasema walichagua mashamba kwa kutazama theluji inapoyeyuka mapema. Dolcetto na Barbera zikapewa nafasi zilizobaki. Upande wa kaskazini ukaachiwa msitu na miti ya hazelinati, zile njugu zinazotiwa kwenye chokoleti.

Mkulima alikuwa anatafuta jua, na mimi ninatafuta lami kavu. Ukiona Nebbiolo pande zote mbili, ujue barabara hiyo imeota jua tangu asubuhi, hata kama usiku ilinyesha. Ukiona hazelinati na msitu, punguza mwendo kabla ya kona, maana chini ya majani kunaweza kuwa na unyevu wa tangu juzi. Kwa hiyo njia zangu nyingi za vuli nazipanga hivi: kupanda upande wa kaskazini, ambako hata ukienda polepole huna cha kupoteza, na kushuka upande wa mizabibu.

Somo hilo nililipata kwa nyonga yangu. Ilikuwa Oktoba, wiki ya mavuno, nikishuka njia ya msituni upande wa kaskazini. Trekta lilikuwa limetoka shambani muda mfupi kabla yangu na kuacha udongo kwenye lami. Udongo wa huku ni wa mfinyanzi uliochanganyika na chokaa. Ukikauka ni vumbi la kijivu kama unga wa mtama. Ukilowa ni sabuni. Gurudumu la mbele liliteleza kabla sijagusa breki. Nilipoinuka, baiskeli haikusukumika: tope lilikuwa limejaa kati ya tairi na fremu, limeshikamana na kugandamana mpaka gurudumu likagoma kuzunguka. Nilikaa pembeni nikalitoa kwa kijiti cha mzabibu, kipande kwa kipande, na ndani ya kila kipande mlikuwa na majani yaliyokunjwa kama yamewekwa kwa mkono. Tangu siku hiyo, msimu wa mavuno nafunga tairi la milimita 30 na kulipunguza upepo kidogo, na nikiona alama za matairi ya trekta zimeingia barabarani naibana breki ya nyuma mapema, baiskeli ikiwa imesimama wima, kabla ya kona na si ndani yake.

Tuje kwenye gia, maana hapa ndipo watu wanapoumia bila sababu. Chukua mtu na baiskeli yake, jumla kilo 80, kwenye mwinuko wa asilimia 10, yaani kila mita 100 za njia anapanda karibu mita 10. Gia yake ya mbele ina meno 34 na kubwa ya nyuma ina meno 28. Akizungusha pedali mara 60 kwa dakika atakwenda kilometa 9 na kidogo kwa saa, na miguu itadaiwa zaidi ya wati 200. Mwendeshaji wa kawaida anaweza kuzitoa kwa dakika chache. Mweke sasa meno 34 nyuma, sawa na mbele: pedali ikizunguka mara moja, gurudumu nalo linazunguka mara moja, baiskeli inasogea mita 2.1. Kwa mzunguko uleule wa pedali anahitaji wati 175 hivi. Tofauti ya wati 35 au 40 ni ndogo kwenye kilima cha kwanza. Kwenye cha nane ndiyo inayoamua kama utaendesha au utashuka na kusukuma.

Kwa nini kilima kifupi kinachosha kuliko mlima mrefu? Kwa sababu kinakudanganya. Mlima wa saa nzima unaingia kwa heshima, unatafuta mwendo wako na kutulia. Kilima cha dakika nane unaona kileleni, kanisa liko pale, unasimama kwenye pedali umalize upesi. Kisha unafanya hivyo mara kumi. Mimi nawaambia wageni: pandeni kwa kasi inayokuruhusu kutamka sentensi nzima bila kukatika pumzi. Nawatolea swali katikati ya kilima, na anayejibu kwa neno moja namwomba ashushe gia.

Anayetaka njia ya kuanzia, achukue hii. Toka Alba kwa Roddi na Verduno, ufuate mgongo mpaka La Morra. Shuka kuelekea Barolo ukipita Cappella del Barolo, kijumba kilichojengwa mwaka 1914 ili wafanyakazi wa shamba wajikinge na mvua, na ambacho mwaka 1999 wasanii Sol LeWitt na David Tremlett walikipaka rangi kali nje na ndani. Panda Novello, zunguka mgongoni hadi Monforte, kisha Castiglione Falletto, ushuke Talloria, umalizie na Serralunga. Mwaka 2014 hatua moja ya mbio za baiskeli za Giro d'Italia ilikimbiwa huku, kila mwendeshaji peke yake akishindana na saa, kilometa 41.9 kutoka Barbaresco hadi Barolo, na Rigoberto Urán wa Kolombia akashinda. Mwaka huohuo vilima hivi viliingia kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO.

Ukiwa na siku ya ziada, nenda upande wa Tortona, kijiji cha Castellania, alikozaliwa bingwa wa baiskeli Fausto Coppi mwaka 1919. Vilima ni vya namna hii hii, navyo vina mizabibu. Alishinda Giro mara tano na Tour de France mara mbili, kisha akafa tarehe 2 Januari 1960, akiwa na miaka 40, kwa malaria aliyoipata alipokwenda Upper Volta, Burkina Faso ya leo. Madaktari wake hawakuitambua. Mwenzake wa safari, Raphaël Géminiani, aliugua ugonjwa huohuo, ulitambuliwa Ufaransa, akapona. Kila ninapofika pale nafikiria ni wauguzi wangapi wa zahanati za kwetu wangemchoma kidole siku ya kwanza ya homa.

Kuhusu mvinyo wenyewe: onja jioni, baiskeli ikiwa imefungwa. Sheria ya Italia inamhesabu mwendesha baiskeli kama dereva, na kikomo cha gramu 0.5 za kileo kwa lita ya damu kinamhusu. Zaidi ya sheria, miteremko hii inahitaji macho na vidole vilivyo timamu. Barolo ina subira. Haitoki kuuzwa kabla ya miezi 38, kwa hiyo saa tatu zako haziiharibu.

Njoo Aprili hadi Juni, au Septemba. Oktoba ndiyo yenye rangi nzuri kuliko zote, ila mwishoni mwa juma maonyesho ya uyoga wa trufi huko Alba yanajaza magari, basi chagua Jumanne au Jumatano. Ukikutana na trekta njia nyembamba, simama, weka mguu chini upande wa mizabibu, sema *buongiorno*. Trekta za huku ni nyembamba, zimetengenezwa kupita kati ya mistari, na dereva atakupita polepole akikuinulia mkono, na wakati wa mavuno nyuma yake utaona kreti zilizojaa zabibu za rangi ya zambarau iliyofifia, kama zimepakwa vumbi.