Nani kakwambia? Dhana potofu kuhusu ushahidi katika riwaya za majoka na pete

Kwenye mabishano ya wasomaji wa riwaya za kifantasia hapa Dar es Salaam kuna sentensi moja inayotegemewa kumaliza maneno: "Kitabu kimesema." Ikishatamkwa, mwenzako anatakiwa anyamaze, alipe kahawa, mambo yaishe. Tabu ni kwamba baadhi ya riwaya hizo ziliandikwa na watu waliokusudia kabisa kitabu kisiaminike kirahisi hivyo. Dhana zifuatazo nazisikia kila wasomaji wakikaa pamoja, iwe Sinza au Mbagala. Nimezipanga takriban kwa kadiri zinavyonikera.

Dhana: Kikiandikwa kitabuni, basi kimetokea

George R. R. Martin, aliyeanza kutoa mfululizo wake wa wagombea kiti cha enzi, *A Song of Ice and Fire*, mwaka 1996, haandiki kama mtu aliyekaa mawinguni akiona kila kitu. Kila sura ameikabidhi kwa mhusika mmoja. Tunaona anachokiona yeye, tunajua anachokijua, na akikosea tunakosea naye.

Chukua kisa cha Sansa, binti mdogo wa ukoo wa Stark. Katika kitabu cha pili, cha mwaka 1998, usiku wa vita vya Blackwater, Sandor Clegane mwenye uso ulioungua anajificha chumbani kwa binti huyo akiwa amelewa. Anamwekea kisu shingoni, anamlazimisha amwimbie, kisha anaondoka na kuacha joho lake. Basi. Hakuna busu, rudia kurasa hizo utakavyo. Lakini katika vitabu vinavyofuata, Sansa anakumbuka kwamba Sandor alimbusu usiku ule, na anakumbuka kwa yakini.

Hapo ndipo watu wanagawanyika. Wengine wanasema mwandishi kasahau alichoandika. Wengine wanasema busu lilikuwepo ila tulifichwa. Wasomaji walimuuliza Martin, naye akajibu kwamba ni kusudi: kumbukumbu ya Sansa ndiyo inayomdanganya. Kwa hiyo yale maneno kwamba alibusiwa ni ushahidi halali, ila ni ushahidi wa kinachoendelea kichwani mwa msichana aliyepitia mengi, si wa kilichotokea chumbani. Ukiyatumia kuthibitisha busu umepotea. Ukiyapuuza kama kosa la uchapaji umepoteza jambo la maana kuliko busu lenyewe.

Watu wa mji huu tungepaswa kulielewa hili haraka. Waliokulia vibanda umiza wanamkumbuka Lufufu, aliyekuwa akisimulia filamu za nje kwa Kiswahili juu ya sauti za waigizaji. Mwigizaji anatikisa midomo mara moja, Lufufu anashusha aya nzima na mzaha juu yake. Hakuna aliyetoka pale akidhani maneno yote yalitoka kwa mwigizaji. Tulijua kuna filamu, na kuna Lufufu.

Dhana: Shahidi akishajulikana ni mwongo, ushahidi wake utupwe

Hii ndiyo inayonikera kuliko zote, ingawa nimeiweka ya pili kwa sababu bila ile ya kwanza haieleweki.

Mwaka 2018 Martin alitoa *Fire & Blood*, historia ya wafalme wa ukoo wa Targaryen. Haikuandikwa kama riwaya ya kawaida. Imeandikwa kana kwamba ni kazi ya msomi aitwaye Gyldayn, anayekusanya habari za vita ambavyo hakuvishuhudia kutoka kwa watu wasiopatana. Yupo Eustace, kiongozi wa dini wa ikulu, anayeegemea upande wa Kijani, yaani waliotaka mwana wa kiume wa mfalme atawale badala ya binti yake. Yupo Munkun, msomi mkubwa, aliyetegemea sana maungamo ya mwenzake Orwyle, yaliyoandikwa gerezani wakati Orwyle akisubiri kuuawa. Na yupo Mushroom, mchekeshaji wa ikulu, mfupi wa kimo, ambaye kila akisimulia jambo lazima liwe na aibu au damu, na ikiwezekana vyote viwili.

Sasa tazama kifo cha mzee Beesbury, mweka hazina. Mfalme Viserys amekufa, baraza linakutana kwa siri, mzee anapinga mpango wao wa kumnyima binti wa mfalme kiti. Kwa habari ya Orwyle, mzee alikamatwa akapelekwa gerezani, akafa huko kwa baridi kabla ya kesi. Kwa habari ya Eustace, Ser Criston Cole, kamanda wa walinzi wa mfalme, alimkalisha kitini kwa nguvu na kumchinja. Kwa habari ya Mushroom, Cole alimtupa dirishani akaangukia vyuma vyenye ncha. Vifo vitatu, mtu mmoja.

Niliwahi kusikia jibu hili: "Kaka, Mushroom ni mtu wa fiksi, Munkun ni msomi, tumfuate msomi." Hapana. Uliza kwanza habari ya msomi imetoka wapi. Imetoka kwa Orwyle, ambaye mwenyewe alikuwa mjumbe wa baraza lile na sasa shingo yake iko hatarini. Mtu huyo ana kila sababu ya kusema kwamba hakuna aliyeuawa mbele ya macho yake, kwamba mzee alikufa tu kwa ubaridi. Eustace kwa upande wake anawapenda Kijani, lakini ndiye anayesema mtu wao alichinja mzee mezani. Shabiki wa Yanga akikubali mwenyewe kwamba penalti waliyopewa haikuwa halali, msikilize kwa makini kuliko shabiki wa Simba anayelalamika. Mimi namwamini Eustace katika hili, na sababu yangu ni hiyo tu.

Mushroom je? Dirisha silinunui. Lakini watu wa ikulu walimdhania punguani, wakazungumza mbele yake yale ambayo wasingethubutu kuyasema mbele ya msomi. Kuna mambo ambayo kama si yeye yasingetufikia kabisa. Na wote watatu, pamoja na kugombana kwao, wanakubaliana kwamba damu ya kwanza ya vita ile ilikuwa ya Beesbury. Pale wanapokubaliana mashahidi wasiopendana, hapo pana kitu cha kushika.

Tamthilia ya televisheni ya 2022 iliyotokana na kitabu hicho, *House of the Dragon*, ikaongeza kifo cha nne: Cole anamsukuma mzee kitini na kichwa chake kinagonga mpira wa jiwe uliokuwa mezani mbele yake. Nitarudi kwenye tamthilia.

Anayedhani huu ni uchezaji wa mwandishi tu, asafiri kusini hadi Kilwa. Historia ya kale ya masultani wa Kilwa imetufikia kwa njia mbili: maandishi ya Kiarabu, na muhtasari wa Mreno João de Barros uliochapishwa 1552. Kwa nini waanzilishi waliondoka Shiraz? Maandishi ya Kiarabu yanasema sultani aliota panya mwenye pua ya chuma akitafuna ukuta wa mji, akajua nchi inaelekea kuharibika. Barros anasema Ali alikuwa mtoto wa mama Mhabeshi mtumwa, ndugu zake wakamdharau, akaamua kutafuta kwao kwingine. Ndoto ya panya na fitina ya ndugu ni mambo mawili tofauti kabisa. Hata hivyo njia zote mbili zinasema kisiwa kilipatikana kwa nguo, na sarafu zenye jina la Ali bin al-Hasan zimefukuliwa Kilwa kwenyewe. Wanahistoria hawakuchoma habari yoyote kwa sababu ya yule panya. Wanauliza nani alikuwa anasimulia, kwa faida ya nani, na kipi kimethibitishwa na kitu kisichoweza kusema uongo.

Dhana: Toleo jipya limefuta la zamani

Wengi wetu hapa mjini tunasoma vitabu hivi kwa PDF iliyopita simu tano kabla ya kutufikia, haina jalada wala mwaka. Au tunanunua kitabu kilichotumika kwenye meza za barabarani Posta, na mara nyingine kurasa za mbele zimeshachanwa. Halafu watu wawili wanabishana hadi mishipa inawatoka shingoni, kumbe kila mmoja anasoma maneno tofauti.

Mfano mkubwa ni *The Hobbit* cha J. R. R. Tolkien. Katika toleo la 1937, Bilbo, mhusika mkuu, na Gollum, kiumbe wa pangoni mwenye pete, wanashindana kwa vitendawili, na Bilbo akishinda atapewa zawadi. Anashinda. Gollum, muungwana wa kupindukia, anakwenda kutafuta pete ampe, anaikosa kwa sababu tayari imo mfukoni mwa Bilbo, anaomba radhi mara nyingi, na kwa fidia anamwonyesha njia ya kutokea. Wanaagana vizuri.

Baadaye Tolkien akawa anaandika hadithi kubwa ambamo pete hiyo ni balaa linalokamata roho ya aliyenayo. Gollum wa 1937 hawezi kuishi humo. Hakuna mtumwa wa pete ile angeitoa kama zawadi. Mwaka 1947 Tolkien alituma kwa wachapishaji sura iliyoandikwa upya kama mfano tu, nao wakaitia kwenye toleo la 1951 bila yeye kutarajia. Humo Gollum anataka kumuua Bilbo na anamlaani kwa kuwa mwizi.

Mwandishi mwingine angenyamaza akaomba msomaji asahau. Tolkien alifanya jambo la kijanja zaidi. Katika utangulizi wa *The Lord of the Rings*, mwaka 1954, alieleza kwamba ile habari ya kwanza ni ile aliyoisimulia Bilbo kwa wenzake na kuiandika katika kumbukumbu zake. Bilbo alidanganya. Gandalf, yule mchawi rafiki yake, hakuiamini, akambana mpaka ukweli ukatoka. Na kwa kuwa Bilbo kwa kawaida alikuwa mkweli, uongo ule unakuwa dalili ya kwanza kwamba pete ilishaanza kumshika.

Kwa hiyo mwenye nakala ya 1937 hana kitabu kibovu. Anacho kielelezo cha uongo, na uongo huo umo ndani ya kanoni, yaani katika habari zinazohesabiwa kuwa halali za ulimwengu wa hadithi hiyo. Sijaona kosa la mwandishi lililogeuzwa kuwa faida kwa ustadi kama huo.

Dhana: Mwandishi akishasema, ubishi umekwisha

Inategemea anasema nini. Kuhusu Sansa, Martin alikuwa akieleza namna alivyoandika, na maelezo yake yanaungwa mkono na kurasa. Lakini mwaka 2014 J. K. Rowling, mwandishi wa Harry Potter, alisema katika mahojiano kwamba kumwoza mhusika wake Hermione kwa Ron ilikuwa ni kutimiza tamanio lake la zamani kuliko sababu za kifasihi. Wapo walioshangilia kana kwamba ndoa imevunjwa. Haikuvunjwa. Majuto ya mwandishi ni habari za mwandishi. Katika tamthilia ya jukwaani ya 2016 Ron na Hermione bado ni mke na mume.

Na mwandishi akiwa amefariki? Tolkien alikufa 1973, na *The Silmarillion* ikahaririwa na mwanawe Christopher na kutoka 1977. Humo mfalme Gil-galad ni mwana wa Fingon. Mwaka 1996 Christopher mwenyewe aliandika kwamba haikupaswa kuwa hivyo: maandishi ya mwisho ya baba yake yalimfanya mwana wa Orodreth, na ingekuwa heri uzazi wake ungeachwa bila kutajwa. Kitabu kilichochapishwa kinasema hili, karatasi za marehemu zinasema lile, mhariri anajikosoa. Kila mmoja ana haki yake ya kusikilizwa. Nikilazimishwa, nafuata karatasi za marehemu, ila sitagombana na mtu juu ya Gil-galad.

Dhana: Tamthilia imetuonyesha mwisho

Tamthilia ya kwanza ya hadithi za Martin, *Game of Thrones*, ilifunga 2019. Vitabu vilikuwa, na bado ni, vitano, cha tano kikiwa cha 2011. Kwenye vitabu Catelyn Stark, mama yake Sansa, amefufuliwa, ananyonga watu misituni. Kwenye tamthilia amekufa na kuzikwa katika usahaulifu. Martin amekuwa akikumbusha kwamba Scarlett O'Hara wa *Gone with the Wind* ana watoto watatu kwenye riwaya, mmoja kwenye filamu, na kwenye maisha halisi hana hata mmoja. Sina la kuongeza.

Dhana: Kila kinachogongana ni fumbo

Ukishaonja utamu wa kumkamata msimulizi, unaanza kuona njama hata kwenye nukta. Katika nakala za awali za kitabu cha nne cha Harry Potter, cha mwaka 2000, vivuli vya waliouawa vinatoka kwenye fimbo ya mchawi kwa mpangilio wa kurudi nyuma, lakini baba yake Harry anatangulia kutoka kabla ya mama, ilhali baba ndiye aliyekufa kwanza. Nadharia zikajengwa ghorofa. Lilikuwa kosa, likasahihishwa kwenye nakala zilizofuata. Basi.

Dhana: Haya ni mambo ya wazungu, sisi hadithi zetu ni za wazi

Anayesema hivi amesoma *Kusadikika* ya Shaaban Robert kwa ajili ya mtihani tu. Kitabu kilitoka 1951: nchi inayoelea angani, na ndani yake mtu mmoja, Karama, anashtakiwa. Anajitetea kwa kusimulia safari za wajumbe sita waliotumwa pande sita, na maajabu waliyoyakuta huko. Tunayapokea maajabu hayo kama habari za kweli za ulimwengu ule. Lakini anayesimulia ni mshtakiwa, mbele ya mahakama, akitetea maisha yake, na kila nchi anayoitaja inatokea kuthibitisha hoja yake. Orwyle gerezani hakuwa na sababu kubwa zaidi ya kupamba.

Rafiki yangu mmoja wa Kinondoni anashikilia kwamba nchi zile Karama alizibuni mwenyewe kizimbani, siku baada ya siku, kadiri kesi ilivyokuwa ikimwendea. Mimi sikubaliani naye hata kidogo. Ila kila nikifungua kitabu nitafute ukurasa wa kumbana, naukuta ni maneno ya Karama.