Fidla za Baroko na sauti inayotetemeka

Wengi huamini kwamba mpiga fidla anayefuata mtindo wa enzi ya Baroko, yaani muziki wa Ulaya wa takriban mwaka 1600 hadi 1750, haruhusiwi kabisa kutikisa kidole ili sauti itetemeke. Sivyo. Francesco Geminiani, mpiga fidla Mwitalia aliyefanya kazi London, aliandika katika kitabu chake cha mwaka 1751 kwamba mtetemo huo utumike mara nyingi iwezekanavyo, hata kwenye noti fupi. Katika kitabu chake cha mwaka 1756 Leopold Mozart, babake mtunzi maarufu Wolfgang Mozart, aliwakosoa waliotetemesha kila noti. Kumbe walikuwapo! Mabingwa wenyewe hawakukubaliana, na hapo ndipo kazi hii inaponoga: wapigaji wa leo huvisoma vitabu hivyo kwa makini, kisha huamua noti ipi ndefu ipambwe kwa mtetemo. Kwingineko hisia hubebwa na upinde, juu ya nyuzi za utumbo wa kondoo.